Medina: Jina la Kihispania lenye mzizi wa Kiarabu, na funzo lake kwetu

KWA zaidi ya miaka 30 ambayo nimefundisha isimu katika vyuo vikuu, kuna swali ambalo halijawahi kukosa kuzuka darasani. Mwanafunzi huinua mkono, akakohoa kidogo, kisha akasema: “Profesa, si Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu? Basi mbona tusikubali tu kwamba kilitoka Uarabuni?” Akishamaliza huyo, hutokea wa pili akalisukuma suala mbele zaidi. Huyu hudai kwamba mtu akiitwa Salim au Fatuma, basi ukichimba sana huko nyuma utampata babu aliyeshuka jahazini kutoka Maskati.

Hoja hiyo huvutia kwa sababu ni nyepesi. Ukijua neno limetoka wapi, unadhani umeshamjua na anayelitumia. Kuijibu kwa mifano ya hapa kwetu ni kazi, maana kila mtu huja na ugomvi wake: wa pwani na bara, wa dini, wa kabila. Kwa hivyo siku hizi huwapeleka wanafunzi wangu mbali kidogo, hadi Uhispania, tukachunguza jina moja la ukoo ambalo hatuna ugomvi nalo. Jina lenyewe ni Medina.

Ukifuatilia kandanda au siasa za Amerika ya Kusini bila shaka umewahi kulisikia. Wenye jina hilo wamejaa Uhispania, Mexico, Colombia, Argentina, Jamhuri ya Dominika na hata Ufilipino. Mwulize mmoja wao jina lake ni la lugha gani. Atakwambia ni Kihispania, naye hatakuwa amesema uongo. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili hahitaji kupekua kamusi ili alitambue. Masikioni mwetu Medina ni Madina, tena Madina yenyewe tunayoijua sote.

Mji na utamaduni

Kwa Kiarabu, ‘madina’ ni mji. Mwaka 622 Mtume Muhammad alipohamia Yathrib, mji huo ulikuja kuitwa Madinat an-Nabi, yaani mji wa Mtume, na baadaye watu wakafupisha wakasema Madina tu. Lakini neno lenyewe ni kongwe kuliko tukio hilo. Wataalamu wa kamusi za Kiarabu za kale walilinasibisha na mzizi wenye maana ya kukaa mahali. Wanaisimu wengi wa leo huona limepitia Kiaramu, ambako lilimaanisha eneo lililo chini ya mamlaka ya hakimu mmoja. Ndugu yake wa Kiebrania, ‘medina’, leo humaanisha dola.

Waarabu nao hawakuliacha neno hilo likae bure. Walilinyumbua wakapata ‘tamaddun’, yaani hali ya kuishi kimji na kustaarabika. Hapo ndipo sisi tulipopata utamaduni. Naam, kila unapotaja siku ya utamaduni au vazi la utamaduni, unalitamka neno ambalo ni binamu wa damu wa jina la ukoo la Mhispania ambaye hujawahi kumwona. Ajabu ni kwamba sisi tumelitumia hata kwa mila za kijijini kabisa, ngoma na matambiko, ambapo hakuna mji wala dalili ya mji. Neno likishavuka mpaka, halimwombi mwenyewe ruhusa.

Jinsi neno lilivyofika Uhispania ni kisa kinachojulikana. Mwaka 711 jeshi la Tariq bin Ziyad lilivuka mlangobahari kutoka Afrika Kaskazini. Jabali aliloshukia likaitwa Jabal Tariq, jina ambalo vinywa vya Wazungu vimeligeuza kuwa Gibraltar. Katika karne zilizofuata sehemu kubwa ya rasi ya Iberia ilitawaliwa na Waislamu na kuitwa al-Andalus. Mwaka 929 Abd al-Rahman wa Tatu alijitangaza khalifa mjini Córdoba, kisha akajenga nje ya mji huo makao ya kifahari yaliyoitwa Madinat al-Zahra. Mto mkubwa unaopita hapo bado unaitwa Guadalquivir, na hilo ni al-wadi al-kabir, bonde kubwa la mto. Utawala wa Kiislamu ulipungua kidogo kidogo kadiri falme za Kikristo za kaskazini zilivyosonga kusini: Toledo ilitwaliwa mwaka 1085, Córdoba 1236, Seville 1248, na Granada, iliyokuwa ya mwisho, Januari 1492.

Watawala walibadilika. Majina ya miji hayakubadilika, na hadi leo miji yenye jina Medina imetapakaa Uhispania. Iko Medina del Campo, Medina ya uwandani, ambako Malkia Isabella alifariki mwaka 1504. Fikiria hilo kidogo. Malkia aliyeitwaa Granada na kuwafukuza Wayahudi alikata roho katika mji ulioitwa kwa neno la Kiarabu, na sidhani kama jambo hilo lilimkosesha usingizi. Iko Medina de Rioseco, Medina ya mto mkavu. Iko Medina Sidonia karibu na Cádiz, ambako Waarabu walitanguliza neno lao mbele ya jina lililokuwapo tangu enzi za Warumi. Kisha iko Medinaceli, ambako Almanzor, yule kiongozi wa kijeshi wa Córdoba aliyewatetemesha Wakristo wa kaskazini, alizikwa mwaka 1002. Medinaceli ni Madinat Salim, mji wa Salim. Kiarabu cha Andalusia kilielekea kuitamka ‘a’ ndefu kama ‘e’, ndipo Salim akawa Celi. Salim huyo huyo wa darasani kwangu!

Mbona ‘al’ haipo?

Hapa hebu tusimame kidogo, maana kuna jambo la kisarufi ambalo wengi hulipita bila kuliona. Maneno mengi ya Kiarabu yaliyoingia Kihispania yaliingia na ‘al’ yake mgongoni, ile ambayo Waarabu huitumia kuonyesha kuwa nomino ni mahususi. Sisi tuliichomoa tukaiacha bandarini. Sisi tunasema sukari, wao azúcar. Sisi zaituni, wao aceituna. Sisi zafarani, wao azafrán. Sisi kafuri, wao alcanfor. Sisi tuna kadhi, ambaye ni hakimu wa mahakama zinazotambuliwa na Katiba yetu. Wao wana alcalde, ambaye leo ni meya wa mji. Neno ni lile lile moja, al-qadi, ila huku limebaki mahakamani na kule limehamia ofisi ya meya. Alcalde pia ni jina la ukoo, kama yalivyo Alcántara, kutokana na daraja, na Alcalá, kutokana na ngome.

Sasa kama Wahispania walipenda ‘al’ kiasi hicho, mbona hawasemi Almedina? Jibu liko katika sarufi ya Kiarabu yenyewe. Nomino mbili zikiunganishwa kwa umilikaji, kama sisi tunavyosema ‘mji wa Salim’, ile ya kwanza haichukui ‘al’ kamwe. Ni Madinat Salim, si al-Madinat Salim. Ni kama ilivyo kwa majirani zetu wa Dar es Salaam: hiyo ‘es’ imekaa kwenye salama, haikukaa kwenye ‘dar’. Miji ya Uhispania ilipopoteza mikia yake ya Kiarabu na kupachikwa mikia ya Kihispania kama ‘del Campo’, kichwa kilibaki kilivyokuwa, bila ‘al’. Palipokuwa na neno la kujitegemea, ‘al’ ilibaki. Wengi hulieleza jina Almudena, la Bikira Maria mlezi wa jiji la Madrid, kuwa ni al-mudayna, yaani kimji kidogo au ngome ya ndani ya mji. Kwa hivyo kutokuwapo kwa ‘al’ katika Medina kunatuambia kwamba jina hili lilizaliwa kama jina la mahali. Hilo likumbuke, maana ndilo litakalotuongoza katika yanayofuata.

Kutoka mji hadi mtu

Mji hugeukaje jina la ukoo? Wahispania wa zama za kati walikuwa na njia kadhaa za kutofautisha watu. Njia moja ilikuwa kumtaja mtu kwa jina la babake, ndiyo sababu tuna kina Rodríguez, wana wa Rodrigo, na kina González, wana wa Gonzalo. Huo ndio ubini hasa. Njia nyingine ilikuwa kumtaja mtu kwa kazi yake au kilema chake. Njia ya tatu ilikuwa kumtaja kwa alikotoka: Juan de Medina, Juan wa kutoka Medina.

Lakini tafakari. Ndani ya mji wa Medina kwenyewe, nani angeitwa wa Medina? Wote ni wa Medina, jina hilo lisingemtofautisha yeyote. Mtu huitwa kwa mji wake akishautoka. Hata hapa kwetu ni hivyo hivyo. Mombasa ina makundi ya kale ya Waswahili yanayojulikana kama Tisa Taifa, na miongoni mwao kuna Wapate na Washaka. Jina la Wapate lina maana Mombasa kwa kuwa Mombasa si Pate. Huko Pate lingekuwa kama kumwita samaki ‘wa majini’.

Kwa hivyo jina Medina ni la watu waliohama. Nao walikuwa wengi, kwa sababu Medina del Campo katika karne ya 15 na 16 haikuwa kijiji. Ilikuwa na maonyesho ya biashara yaliyowavuta wafanyabiashara wa Genoa na wa Flanders, sufu ikiuzwa, hawala za fedha zikilipwa. Watu waliingia na kutoka. Aliyetoka akaenda Seville au Toledo alibeba jina la mji kama mzigo mwepesi. Isitoshe, miji ilikuwa mingi, kwa hivyo kina Medina hawakuanzia kwa babu mmoja. Wawili wanaweza kuwa na jina moja bila kuwa na hata tone moja la damu ya pamoja. Na kwa muda mrefu majina hayo hayakuwa thabiti. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuchukua majina tofauti, huyu la baba, yule la nyanya aliyemwachia shamba. Ilichukua karne kadhaa za vitabu vya ubatizo, na hatimaye sheria ya usajili wa raia ya mwaka 1870, ili mambo yatulie.

Aidha, aliyetoka Medina aliweza kuwa Mkristo, Myahudi au Mwislamu aliyebatizwa. Jina halikuuliza dini. Rabi Samuel de Medina, aliyefariki mwaka 1589, alikuwa miongoni mwa wanasheria wakubwa wa Kiyahudi wa zama zake, akitoa hukumu mjini Salonika chini ya dola la Waturuki wa Uthmaniyya. Jamii yake ilitokana na Wayahudi waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492, na jina walilobeba ukimbizini lilikuwa la Kihispania, lenye mzizi wa Kiarabu, katika nchi ya Waturuki. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1700, Solomon de Medina, aliyekuwa akiyalisha majeshi ya Mfalme William wa Tatu, alipewa hadhi ya ‘Sir’ Uingereza, Myahudi wa kwanza aliyeishika dini yake waziwazi kupata heshima hiyo.

Majina yaliyopigwa marufuku

Basi msidhani kwamba Uhispania ilikuwa nchi isiyojali majina. Ilijali sana, na hapo ndipo penye uchungu.

Baada ya Granada kuanguka, Waislamu waliahidiwa kuachiwa dini yao. Ahadi haikudumu. Kufikia 1502 wale wa himaya ya Castilla walilazimishwa kuchagua kati ya ubatizo na kuhama. Waliobatizwa waliitwa Wamorisko. Kisha, Januari 1567, ikatangazwa amri ya Mfalme Philip wa Pili: Wamorisko wa Granada waache kusema na kuandika Kiarabu, waache mavazi yao na hamamu zao, na waache majina yao ya Kiarabu.

Mzee mmoja wa Granada, Francisco Núñez Muley, aliandika waraka wa kupinga. Jina lake tu ni historia: Francisco wa ubatizo, Núñez wa Wahispania, na Muley ambalo ni ‘mawlay’ la Kiarabu, bwana wangu. Hoja zake zingeweza kufundishwa katika darasa lolote la isimu jamii leo. Alieleza kwamba lugha si dini, akataja Wakristo wa Malta na wa Jerusalem wanaosema Kiarabu na bado ni Wakristo. Kuhusu majina alieleza kuwa kwayo ndiyo watu hujuana. Yakifutwa, koo zitapotea na kumbukumbu yao itapotea nazo. Hawakumsikiliza. Mwishoni mwa 1568 uasi ulilipuka katika milima ya Alpujarras. Kiongozi wake wa kwanza, aliyekuwa akijulikana kwa jina la Kikristo la Hernando de Córdoba y Válor, alilitupa akajiita Aben Humeya, yaani Ibn Umayya. Vita vilidumu hadi 1571. Kati ya 1609 na 1614 Wamorisko wakafukuzwa nchini, takriban watu 300,000.

Sasa linganisha. Ni Philip wa Pili huyo huyo ambaye mwaka 1588 alituma manowari zake nyingi kwenda kuivamia Uingereza, na aliyeziongoza alikuwa Mtawala wa Medina Sidonia, mmoja wa makabaila wakuu wa nchi. Hakuna aliyemwambia aache jina la Kiarabu. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyeliona kuwa la Kiarabu. Lilikuwa jina la mji, na mji ulikuwa wao. Mmorisko maskini aliyeitwa Ahmad alionekana hatari, naye kabaila aliyebeba neno la Kiarabu katika cheo chake alionekana Mhispania halisi. Kilichohukumiwa hakikuwa asili ya neno. Ni nani analibeba na ana nguvu gani.

Tena hao hao waliotafuta ‘usafi wa damu’ walijua kwamba jina halitoshi. Tangu mwaka 1449, Toledo ilipopitisha kanuni ya kuwazuia Wayahudi waliobatizwa wasishike nyadhifa, mtindo wa kuchunguza nasaba ulienea katika makanisa, vyuo na vyama. Lakini wachunguzi hawakuishia kwenye jina. Walitumwa vijijini wakawahoji wazee: babu yake alikuwa nani, aliolewa na nani nyanya yake. Walijua Medina anaweza kuwa yeyote.

Kuvuka bahari

Meli za Uhispania zilipoanza kwenda Amerika, jina lilipanda meli. Mwaka 1545 Pedro de Medina alichapisha kitabu cha kufunza ubaharia kilichotafsiriwa katika lugha kadhaa za Ulaya. Katika miaka ya 1550, mfanyabiashara wa Seville aitwaye Bartolomé de Medina aliibadilisha dunia akiwa Pachuca, Mexico. Aliunda njia ya kutoa fedha katika mawe yaliyosagwa kwa kuyachanganya na chumvi na zebaki, mchanganyiko ukaanikwa uani na kukanyagwa. Zebaki hiyo nyingi ilitoka katika mgodi wa Almadén, Uhispania. Almadén ni al-ma‘din, mgodi, neno ambalo kwetu ni madini. Na zebaki yenyewe Wahispania huiita azogue, nalo ni neno la Kiarabu, jamaa wa zebaki yetu. Yaani mtu aitwaye Mji alichukua zebaki kutoka Madini, na majina yote matatu ni ya Kiarabu, katika kazi iliyofanywa na Mkristo wa Kihispania kwa jasho la Wahindi Wekundu wa Mexico.

Fedha hiyo haikuishia Amerika. Ilifuliwa kuwa sarafu zilizoenea dunia nzima, na zilifika hadi huku. Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zinalo neno ‘reale’, lililotokana na real ya Iberia, na zinataja ‘reale ya mzinga’. Hiyo ilikuwa sarafu ya Uhispania yenye picha ya nguzo mbili, ambazo wenyeji waliziona kama mizinga. Bibi wa Lamu aliyefunga reale kwenye pindo la leso yake pengine alishika matunda ya kazi ya Medina bila kulijua jina hilo.

Kule Amerika jina lilizaliana. Chile ilitoa José Toribio Medina (1852–1930), mwanazuoni aliyeorodhesha vitabu vilivyochapishwa katika makoloni ya Uhispania. Venezuela iliongozwa na Isaías Medina Angarita kutoka 1941 hadi 1945, na Jamhuri ya Dominika na Danilo Medina kutoka 2012 hadi 2020. Lakini si wote walioitwa Medina walikuwa wazao wa Wahispania. Waafrika waliofanywa watumwa walibandikwa majina ya mabwana zao. Wenyeji waliobatizwa walipewa majina ya waliowasimamia. Na Ufilipino, mwaka 1849, Gavana Narciso Clavería alitoa amri kwamba familia zisizo na jina la ukoo zichaguliwe moja kutoka katika orodha iliyoandaliwa na serikali. Orodha zikasambazwa mikoani, watu wakagawiwa majina kama sare za shule.

Nilipokuwa nikisomea uzamifu ughaibuni, bwenini mwetu mlikuwa na Medina wawili, mmoja wa Manila na mwingine wa Caracas. Barua zao zilikuwa zikichanganywa kila wiki. Mlinzi wa mlangoni aliwaita ‘ndugu wawili’. Walizoea kucheka, maana hawakufanana hata ukucha.

Nani atahukumiwa kwa jina?

Kuna mfano mmoja unaotugusa moja kwa moja, ingawa ni wa Wareno, majirani wa Wahispania. Agosti 1505 Francisco de Almeida aliivamia Mombasa akaipora na kuichoma, majuma machache baada ya kuitwaa Kilwa. Jina Almeida ni la mji wa Ureno ambao wengi huunasibisha na al-ma’ida ya Kiarabu, yaani meza, kwa kuwa umekaa juu ya uwanda wa mlimani. Basi aliyeteketeza mji wa Waislamu wa Mvita alikuja na jina la Kiarabu. Nasi, kwa mzaha wa historia, tulichukua neno ‘meza’ kutoka kwa Wareno. Je, wazee wa Mvita wangemfungulia lango Almeida kwa sababu jina lake lilitoka kwa Waarabu?

Hata leo bado kuna wanaodhani jina ni hati ya nasaba. Mwaka 2015 Uhispania ilipitisha sheria ya kuwapa uraia wazao wa Wayahudi waliofukuzwa. Kabla ya hapo orodha za majina zilikuwa zimeshasambaa mtandaoni, watu wengi wakiamini kwamba ukijikuta humo, pasipoti iko njiani. Haikuwa hivyo. Jina liliweza kuongezea uzito ushahidi mwingine, lakini mwombaji alitakiwa kuonyesha uhusiano wake na jamii hiyo, tena afanye mitihani ya lugha na ya Katiba. Nao wazao wa Wamorisko sheria hiyo haikuwataja. Wale waliokatazwa majina yao hawakupewa nafasi ya kurudi nayo.

Turejee sasa kwa mwanafunzi wangu na swali lake. Kihispania kina maneno ya asili ya Kiarabu ambayo wataalamu huyakadiria kuwa takriban 4,000, ukihesabu na yaliyonyumbuliwa. Hata hivyo, sijawahi kumsikia mtu mwenye akili timamu akidai kwamba Kihispania ni Kiarabu. Kwa nini? Kwa sababu vitenzi vyake, upatanisho wake na maneno yake ya msingi ni ya Kilatini. Kipimo kiwe hicho hicho kwa Kiswahili. Tunasema ‘kitabu kimepotea, vitabu vimepotea’. Neno ni la Kiarabu, lakini tumelipasua tukalitia katika ngeli ya KI-VI kana kwamba lilizaliwa na kijiko na kiti. Mwarabu mwenyewe angesema ‘kutub’. Anayemiliki neno ni sarufi inayolitumikisha.

Na kuhusu watu, hili si suala la darasani pekee. Katika nchi hii wapo Wakenya wa Garissa, Mandera, Lamu na Mombasa ambao kwa miaka mingi walipoomba kitambulisho, majina yao yaliwapeleka kwenye foleni ya pili: lete cheti cha babu, lete mzee wa mtaa, eleza ulikotoka. Wenzao wenye majina yaliyodhaniwa kuwa ya Kikenya zaidi hawakuulizwa hayo. Ajabu ni kwamba wengi wa hao wenzao waliitwa Peter, John na Mary, majina ambayo hayakuota Mlima Kenya wala Kano. Peter ni Mgiriki, John na Mary ni Waebrania. Hakuna aliyewauliza Wagiriki na Waebrania hao jahazi lao lilitia nanga lini.

Neno linaweza kutuonyesha njia ambazo watu, bidhaa na dola zilipita, na kwa hilo majina ni hazina kwa mwanahistoria. Fuata Medina na utapita Yathrib, Córdoba, Salonika, Pachuca, Manila. Lakini mwisho wa safari hiyo utamkuta mtu, na jina lake halitakuwa limekwambia anasali vipi, ngozi yake ni ya rangi gani, wala ana haki kiasi gani ya kuishi hapo alipo. Núñez Muley alilieleza hilo mwaka 1567 akiwa mzee, mbele ya watu waliokuwa wameshaamua kutosikia. Karani anayemnyooshea fomu Salim wa Lamu asubuhi hii bado ana nafasi ya kusikia.